Bosnia: Nchi Inayowahesabu Wafu Wake

Barabara inayotoka uwanja wa ndege wa Sarajevo kwenda katikati ya mji ni pana na imenyooka, na tramu hupita katikati yake. Kandokando yake yamepangana maghorofa ya enzi ya ujamaa wa Yugoslavia. Baadhi yamepigwa rangi mpya, na mengine yangali na matundu ya risasi kuanzia chini hadi paani. Mwongozaji wetu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alisimama mbele ya basi, akashika kipaza sauti, akatueleza kwamba wakati wa vita hapakuwa na mtu aliyevuka barabara hii kwa kutembea. Watu walivuka mbio, mmoja mmoja, wakijikinga nyuma ya makontena na magari ya Umoja wa Mataifa, kwa kuwa wadunguaji walikuwa juu ya maghorofa na kwenye vilima vya ng'ambo ya mto. Yeye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na alivuka mara nyingi kwenda kuteka maji.

Kundi letu lilikuwa la mchanganyiko: Wamalaysia, Waturuki, mume na mke wazee kutoka Uholanzi, Wakanada wachache, mimi kutoka Arusha, na mama mmoja wa Unguja ambaye ameishi Uingereza miaka mingi. Aliponisikia nikizungumza Kiswahili kwenye simu, alinisogelea akanisalimu, na tangu hapo akawa ananiita mwanangu.

Nilikuwa na sababu yangu ya kuichagua safari hii. Nimekulia katika mji uliokuwa makao ya mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mahakama hiyo ilikuwa na dada yake mkubwa huko The Hague, iliyoundwa mwaka 1993 kwa ajili ya Yugoslavia, ambayo ilishtaki watu 161, na hakuna hata mmoja kati yao aliyebaki mafichoni. Mahakama zote mbili zilipofungwa, kazi zilizosalia na kumbukumbu zake zilirithiwa na chombo kimoja chenye matawi mawili, The Hague na Arusha, pale Lakilaki. Nilikuwa nimepita nje ya jengo lile mara nyingi. Nikataka kuiona nchi ambayo nusu ya kumbukumbu hizo inaihusu.

Bosnia na Herzegovina ilikuwa jamhuri ya Yugoslavia yenye Wabosniaki, ambao wengi wao ni Waislamu, Waserbia wa madhehebu ya Othodoksi, na Wakroatia wa Kikatoliki. Walizungumza lugha moja, walipanga nyumba kwenye jengo moja, walioana. Yugoslavia ilipoanza kusambaratika, Bosnia iliitisha kura ya maoni mwishoni mwa Februari 1992. Waserbia wengi waliisusia, na waliopiga kura karibu wote walitaka uhuru. Ilipofika Aprili, viongozi wa Waserbia wa Bosnia, wakisaidiwa na Serbia na silaha za jeshi la zamani, walikuwa wameanza kuikata nchi vipande na kuwafukuza wasio wa kabila lao. Mwaka 1993 Wabosniaki na Wakroatia, waliokuwa upande mmoja, nao waligeukiana. Kufikia mwisho wa 1995 watu wapatao 100,000 walikuwa wamekufa, na karibu nusu ya wananchi wote walikuwa wamehama makwao.

Sarajevo imekaa bondeni kando ya mto Miljacka, na milima imeuzunguka mji kila upande. Tulipanda mlima Trebević kwa gari la kamba, ambalo lilifunguliwa upya mwaka 2018. Juu kule bado upo mfereji wa zege uliojengwa kwa ajili ya mashindano ya sleji ya Olimpiki ya mwaka 1984. Miaka minane baadaye askari waliouzingira mji walijibanza nyuma ya zege hilo hilo na kufyatua risasi. Ukisimama pale unauona mji mzima chini yako: minara ya misikiti, misalaba ya makanisa, masoko, viwanja vya shule. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo vitabu havikunieleza vizuri. Aliyekaa huku juu na mzinga wake aliwaona watu aliokuwa akiwapiga. Aliiona foleni ya mkate na foleni ya maji.

Mzingiro huo ulidumu siku 1,425, tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996. Umeme ulikatwa, gesi ikakatwa, mabomba yakakauka. Mwongozaji wetu alituonyesha kiwanda cha bia chenye chemchemi chini yake, ambako watu walipanga foleni na madumu. Alituonyesha pia soko la Markale, linalouza viazi na jibini kama kawaida. Tarehe 5 Februari 1994 kombora moja liliua watu 68 pale. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Agosti, makombora mengine yaliua watu 43 hatua chache tu kutoka hapo, na shambulio hilo ndilo lililoifanya NATO hatimaye kuanza kuzipiga kwa wingi ngome za Waserbia kwa ndege. Majina ya waliokufa yameandikwa ukutani nyuma ya meza za wauzaji. Mwenye kununua nyanya anasimama mbele ya majina hayo.

Njiani lami ina makovu, mashimo yaliyochimbwa na makombora yaliyoua watu, yakajazwa utomvu mwekundu. Wenyeji huyaita mawaridi ya Sarajevo. Mama wa Unguja alikuwa akiyazunguka kila alipokutana nayo, kama mtu anayekwepa kukanyaga kaburi.

Tulikwenda Butmir, ng'ambo ya uwanja wa ndege, kuona njia ya chini ya ardhi. Umoja wa Mataifa ulikuwa umekabidhiwa uwanja huo kwa makubaliano kwamba usitumiwe na upande wowote, hivyo askari wake waliwarudisha raia waliojaribu kuuvuka usiku, na wengi waliuawa kwa risasi wakiwa katikati. Ndipo watu wakachimba. Walianza pande mbili, kwa sururu na koleo, kwa zamu za usiku na mchana, mpaka wakakutana chini ya njia ya kurukia ndege katikati ya mwaka 1993. Njia hiyo ilikuwa na urefu wa mita 800 hivi, na mtu mzima hakuweza kusimama wima ndani yake. Humo zilipita silaha, unga, dawa, mafuta na majeruhi, na baadaye hata waya wa umeme. Leo kimebaki kipande kifupi chini ya nyumba ya familia moja iliyoutoa ua wake kuwa mlango wa kuingilia. Tulipita tukiwa tumeinama, na maji yakitudondokea migongoni. Mzee wa Kiholanzi alitoka upande wa pili akakaa kwenye benchi, na kwa muda mrefu hakusema neno.

Mjini, kando ya mto, lipo jengo la Vijećnica lililokuwa maktaba ya taifa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 1992 lilipigwa makombora ya moto. Zaidi ya vitabu milioni moja viliteketea, na majivu ya karatasi yalianguka juu ya mapaa ya mji mzima. Limejengwa upya na kufunguliwa mwaka 2014, likimeta kwa vioo vya rangi. Jengo limerudi, lakini rafu zilizoungua hazina cha kurejeshwa. Hati za kale zilizokuwa nakala pekee duniani zimekwisha.

Hatua chache kutoka hapo ni Daraja la Kilatini. Kwenye kona yake, tarehe 28 Juni 1914, kijana Gavrilo Princip alimpiga risasi mrithi wa ufalme wa Austria, Franz Ferdinand, na katika wiki chache Ulaya ikawaka. Watalii wengi walipiga picha wakaondoka. Mimi nilibaki, kwa sababu vita vilivyoanzia kwenye kona ile vilifika Tanga mwaka huo huo, vikapita Kilimanjaro, Rufiji na Lindi, na makumi kwa makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu wakibeba mizigo ya Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi kwamba Waafrika wengi mno waliokufa katika vita hivyo hawakuandikwa majina yao popote. Nilikuwa nimesafiri kwenda kutazama misiba ya watu wengine, nikajikuta mbele ya msiba wa kwetu ambao haujahesabiwa mpaka leo.

Katika vichochoro vya Baščaršija, soko la kale la Sarajevo, kwenye safu ya mafundi wa shaba, pembeni ya mabirika ya kahawa huuzwa maganda ya risasi yaliyonakshiwa na kugeuzwa kalamu na vishika funguo. Baadhi yetu walinunua. Mwongozaji hakumkataza mtu. Alisema fundi anaishi kwa kazi ya mikono yake, na shaba ni shaba. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba siku tutakayokwenda kwenye makaburi ya Srebrenica asiwepo mtu wa kujipiga picha akitabasamu. Nadhani ombi hilo lingefaa kubandikwa kwenye mlango wa kila basi la watalii linaloingia nchi iliyopigana.

Safari ya kwenda mji wa Mostar hufuata bonde la mto Neretva, maji ya kijani chini na miamba mikali juu. Tulipokaribia Konjic, mmoja wa Wakanada aliuliza swali ambalo nilihisi wengi walikuwa nalo: kwani pande zote hazikuua? Mwongozaji aliomba dereva apunguze mwendo. Akasema kwamba karibu na hapo, mahali paitwapo Čelebići, palikuwa na kambi ambayo ndani yake Waserbia waliteswa, wakabakwa na kuuawa, na waliowalinda walikuwa Wabosniaki na Wakroatia. Mahakama ya The Hague iliwatia hatiani wahusika mwaka 1998.

"Mimi ni Mbosniaki," akasema, "na hao walioteswa pale nawahesabu. Lakini kuhesabu ni kuhesabu wote. Ukimaliza, usiniambie kwamba hesabu zinalingana."

Hesabu zenyewe zipo. Baada ya vita wanasiasa walitaja wafu 200,000 au 250,000, wengine wakadai ni wachache mno, kila mtu kwa faida yake. Kituo cha utafiti cha Sarajevo, kikiongozwa na Mirsad Tokača, kikaamua kuacha makadirio na kutafuta majina. Watafiti wake walizunguka vijijini, wakasoma nyaraka za majeshi yote, wakapiga picha mawe ya makaburi, wakahoji jamaa. Matokeo yake ni kitabu cha wafu wa Bosnia, chenye majina zaidi ya 95,000 ya watu wa kila kabila, askari na raia. Hesabu hiyo ilikuwa ndogo kuliko walivyotaka baadhi ya Wabosniaki, nao walikasirika. Ilionyesha pia kwamba zaidi ya robo tatu ya raia waliouawa walikuwa Wabosniaki, na waliotaka kusema wote walitenda sawa nao wakakasirika. Mimi naamini kazi hiyo ni miongoni mwa kazi za heshima kubwa zilizofanywa Ulaya katika zama zetu.

Mostar kila mtu hukimbilia darajani. Daraja hilo la mawe lilijengwa na mwashi wa Kiosmani, Hayruddin, likakamilika mwaka 1566, likasimama miaka 427. Tarehe 9 Novemba 1993 mizinga ya majeshi ya Wakroatia ililiangusha mtoni. Lilijengwa upya kwa mawe ya eneo lile lile na kwa ufundi wa kale, likafunguliwa Julai 2004. Vijana huruka kutoka juu yake hadi kwenye maji ya baridi, zaidi ya mita 20, na watalii hupiga makofi.

Ila ukivuka mitaa michache kutoka darajani unakutana na mstari uliokuwa uwanja wa mapambano. Upande wa magharibi wanaishi zaidi Wakroatia, na wa mashariki zaidi Wabosniaki. Kwenye jengo moja maridadi la shule ya sekondari, watoto wa pande mbili husoma chini ya paa moja kwa mitaala tofauti. Katika miji mingine ya eneo hilo huingia hata kwa milango tofauti au zamu tofauti. Historia anayofundishwa mmoja siyo anayofundishwa mwenzake aliye nyuma ya ukuta. Mji huu ulikaa miaka 12 bila uchaguzi wa mitaa, hadi Desemba 2020, kwa sababu vyama havikuafikiana jinsi ya kuwahesabu wapiga kura wa kila upande.

Mzizi wa hayo ni mkataba wa amani uliofikiwa Dayton, Marekani, Novemba 1995. Ulikomesha mauaji, na kwa hilo hakuna anayeubeza. Lakini uliigawa nchi sehemu mbili, Shirikisho la Wabosniaki na Wakroatia na Jamhuri ya Waserbia, ukaweka urais wa watu watatu, mmoja wa kila kabila, wanaopokezana uenyekiti kila miezi minane. Myahudi na Mroma, hata wakiwa wamezaliwa hapo kwa vizazi na vizazi, hawawezi kugombea kiti hicho. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema mwaka 2009 kwamba huo ni ubaguzi. Katiba iliyoandikwa ili watu waache kuuana kwa ukabila imewalazimisha wahesabiwe kwa ukabila katika kila jambo la maisha yao.

Kwenda Srebrenica ni mwendo wa saa kama tatu kutoka Sarajevo, kupitia misitu ya mashariki. Karibu na Bratunac tulipita ghala la ushirika wa wakulima la Kravica, ambamo tarehe 13 Julai 1995 waliuawa wanaume wapatao 1,000 kwa risasi na maguruneti. Hapana bango la kumwambia mpita njia yaliyotokea. Basi halikusimama, na mwongozaji alituambia kwa sentensi moja tu, tuone wenyewe.

Potočari ni kijiji kabla ya Srebrenica. Upande mmoja wa barabara kuna kiwanda cha zamani cha betri, kilichokuwa kambi ya askari wa Kiholanzi wa Umoja wa Mataifa. Upande wa pili mawe meupe ya makaburi yanapanda mlima, zaidi ya 6,500. Umoja wa Mataifa uliitangaza Srebrenica kuwa eneo salama mwaka 1993. Tarehe 11 Julai 1995 jeshi la Waserbia wa Bosnia chini ya Ratko Mladić liliingia bila kuzuiwa. Maelfu ya watu walikimbilia kambini. Wanaume na wavulana walitengwa na wake zao na mama zao mbele ya macho ya askari wa amani, na wengine walishika njia ya msituni kuelekea mji wa Tuzla wakawindwa huko. Katika siku chache waliuawa zaidi ya 8,000. Mahakama ya The Hague ilithibitisha mwaka 2004 kwamba hayo yalikuwa mauaji ya kimbari, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema hivyo hivyo mwaka 2007. Mladić na Radovan Karadžić, kiongozi wa kisiasa wa Waserbia wa Bosnia, walihukumiwa kifungo cha maisha. Mahakama Kuu ya Uholanzi nayo iliamua mwaka 2019 kwamba dola ya Uholanzi ina sehemu ya lawama kwa wanaume 350 waliotolewa ndani ya kambi ile.

Yule mama wa Kiholanzi aliyasoma hayo ukutani kwa sauti ya chini, akimtafsiria mumewe ambaye macho yake ni hafifu. Hawakujitetea kwa neno lolote. Niliwaheshimu kwa hilo.

Wauaji walijua watakuja kuulizwa. Miezi michache baadaye walifukua makaburi ya halaiki kwa matingatinga, wakahamishia miili kwenye mashimo mengine mbali. Mashine ziliikata miili, hivyo mifupa ya mtu mmoja imepatikana katika mashimo mawili, matatu au zaidi. Tume ya Kimataifa ya Watu Waliopotea ilichukua damu ya ndugu walio hai na kuilinganisha na vinasaba vya mifupa, mmoja baada ya mwingine. Kwa njia hiyo wengi wamepata majina yao. Kisha hufuata uamuzi mgumu: familia izike kilichopatikana, au isubiri vingine? Kuna mama waliozika mifupa michache, wakalifungua kaburi tena miaka ya baadaye kuongeza mingine. Kila tarehe 11 Julai wanaotambuliwa mwaka huo huzikwa kwa pamoja.

Mama wa Unguja alisimama mbele ya jiwe kubwa la majina, akifuata kwa kidole ukoo mmoja: baba, wana, ndugu, wajomba. Akasoma Fatiha. Kisha akaniambia, "Mwanangu, msiba usio na kaburi hauanuliwi matanga. Hawa wanawake wanatafuta pa kuanulia matanga." Nikakumbuka habari za Hatidža Mehmedović, aliyempoteza mumewe na wanawe wote wawili, akarudi kuishi peke yake Srebrenica katikati ya jirani waliomchukia, akaongoza chama cha akina mama kudai mifupa na haki mpaka alipofariki mwaka 2018.

Madai hayo hayajaisha, kwa sababu kukanusha hakujaisha. Wapo viongozi waliochaguliwa kwa kura ambao hadi leo husema mauaji ya kimbari hayakutokea, na Mladić huchorwa ukutani kama shujaa. Mwaka 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza tarehe 11 Julai kuwa siku ya kimataifa ya kuyakumbuka mauaji hayo. Azimio hilo lilipita, lakini kura za hapana na za kujizuia zilikuwa nyingi.

Nimesoma wanaosema kwamba utalii wa namna hii ni kuuza machozi ya watu. Niliyoyaona yananizuia kukubaliana nao. Mwongozaji wetu analipwa ndiyo, na ni haki yake. Lakini kila kundi linaloondoka Potočari likiwa limeyasikia majina, mahali na tarehe kwa usahihi, ni mashahidi wapya dhidi ya mwenye kukanusha. Kinachotakiwa kwa mgeni ni adabu: asikilize kabla ya kuuliza, asilinganishe misiba kana kwamba ni mashindano, asirudi kwao akaongeza wala kupunguza namba.

Kwetu tuna makaburi mengi yasiyo na majina, ya wapagazi wa 1914 na ya vijiji vya Congo mashariki ambako watu wanaozungumza lugha yetu wanauawa hadi sasa. Tumezoea kusema "maelfu walikufa" na kuendelea na maongezi. Bosnia ni nchi ndogo, maskini kwa kipimo cha Ulaya, na wanasiasa wake wangali wakigombana, lakini imekataa kusema "maelfu". Inataja mtu, baba yake, mwaka aliozaliwa na shimo alimopatikana. Walimu, wanahabari, maimamu, wachungaji na wenye kalamu wa Afrika Mashariki, tuanze na sisi. Kila mwenye mzee nyumbani anayekumbuka waliopotea amkalishe leo, ayaandike majina yao. Wazee hao nao hawatakuwepo milele.